KUJIFUNZA UASHI KATIKA KAZI ZA KUJITOLEA

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ipo kaskazini ya mji wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi iliyopitiwa na misafara ya zamani. Hapo kale watu wa sehemu hizi walijenga tembe kwa udongo; tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, lajulikana na wengi. Ukuta wa tembe ulipata nguvu kwa unene wake. Ukuta wa tofali hupata nguvu kwa mpangilio wake, na mpangilio huo sharti ufundishwe.

Mwanachama anayejitolea kujenga ghala au darasa hutoa siku ambazo angelima shamba lake. Siku hizo zikiishia katika kuchota maji na kusomba matofali tu, atarudi nyumbani kama alivyokuja, na chama kitamkodi fundi tena ukuta utakapopasuka. Kwa hiyo yafaa kila fundi mwashi akabidhiwe wanafunzi wachache, nao wafuate hatua zifuatazo:

1. Kuchanganya. Ndoo moja ya saruji kwa ndoo sita za mchanga safi uliochekechwa. Vichanganywe vikavu kwanza, ndipo maji yatiwe kidogo kidogo. Mchanganyiko ulioanza kukauka usitiwe maji tena.

2. Kulowesha. Tofali la kuchoma likiwa kavu hunyonya maji ya saruji, na kiungo hubaki unga.

3. Kupanga. Kona hutangulia, kisha uzi huvutwa kati yake. Kila tofali likalie kiungo cha matofali mawili yaliyo chini. Viungo vikifuatana wima, ufa una njia.

4. Kupima. Timazi kwa wima, pima maji kwa ulalo, katika kila mstari. Ukuta usipandishwe zaidi ya mita moja na nusu kwa siku.

5. Kumwagilia. Ukuta mpya uloweshwe kwa siku saba, hasa wakati wa kiangazi.

Mwanafunzi aanzie kwenye ukuta wa ndani ulio mfupi. Kona aachiwe baadaye, kwa maana kona ikipinda ukuta wote hupinda.

Kamati nayo ina wajibu wake. Daftari la kazi lionyeshe jina, siku na kazi aliyofanya kila aliyejitolea. Saruji iingizwe na itolewe kwa sahihi. Thamani ya nguvu za wanachama isomwe mbele ya Mkutano Mkuu pamoja na fedha zilizotumika, ili kila mtu aone alichochangia.

Katika misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa duniani mwaka 1995, wa tano ni elimu na wa saba ni kuijali jamii. Kazi ya ujenzi hutimiza yote mawili. Tumbaku iliyowekwa katika ghala lenye nyufa huharibiwa na mvua, na hasara huwa ya wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini chama chenye waashi wake chaweza yote mawili.