Hodi Chuoni: Mkanganyiko wa Mwanafunzi Mgeni Jijini Nairobi na Adabu ya Kuomba Msaada

Utangulizi

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana kumhimiza mgeni ashiriki kazi za wenyeji wake. Hata hivyo, ndani yake mna jambo ambalo aghalabu husahaulika: kabla ya kupewa jembe, mgeni hupewa siku mbili za kuonyeshwa kisima kiliko, njia ya shambani ipitiapo na mpaka wa jirani. Katika vyuo vikuu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukabidhiwa jembe siku ile ile anayowasili. Hutarajiwa kusajili kozi, kulipa karo, kupata malazi na kuhudhuria mihadhara kabla hajajua ofisi ya idara yake iko ghorofa ya ngapi.

Makala haya yanafafanua mkanganyiko unaompata mwanafunzi huyo, kwa kuangazia hasa Chuo Kikuu cha Nairobi na mitaa inayokizunguka. Hoja kuu ni kwamba mkanganyiko si dalili ya upungufu wa akili bali ni dalili ya ugeni, na dawa ya ugeni ni kuuliza. Kuuliza nako ni stadi. Ni sharti mwulizaji ajue anauliza nini, anamwuliza nani na anauliza lini.

Chanzo cha kimya

Katika shule ya upili, mwanafunzi huongozwa na kengele. Kuna mwalimu wa zamu, kiranja wa bweni na mzazi anayeitwa mambo yanapokwenda mrama. Chuoni kengele hiyo hainyamazi polepole, bali hukatika ghafla. Asipohudhuria mhadhara, huenda pasiwepo anayemtafuta. Asiposajili kozi, pengine hatajua kosa lake hadi matokeo yanapobandikwa na jina lake kukosekana.

Ajabu ni kwamba anayeumia zaidi mara nyingi ni yule aliyefaulu vyema. Aliyezoea kuongoza darasa amezoea kuulizwa, si kuuliza. Anapojikuta miongoni mwa mamia ya wenzake waliokuwa wa kwanza katika shule zao, huona kuwa swali lake litamvua nguo hadharani. Basi hunyamaza, hujifanya ameelewa, na mwenzake aliye kando yake hufanya vivyo hivyo. Ukumbi mzima huweza kujaa watu wasioelewa jambo moja, kila mmoja akidhani kuwa ni yeye peke yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Mkanganyiko wa mahali

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiitwa Royal Technical College, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kwa muda huo wote kimekua kwa kutawanyika. Kampasi Kuu iko pembezoni mwa kitovu cha jiji, kando ya University Way na Barabara ya Harry Thuku. Chiromo iko upande wa kuelekea Westlands. Kabete ya Juu na Kabete ya Chini ziko magharibi zaidi, na masomo ya ualimu yako Kikuyu, ambako ni nje ya mipaka ya jiji, katika Kaunti ya Kiambu. Mwanafunzi aliyeambiwa "fika chuoni Jumatatu" huenda akateremka mjini, akapita lango la Kampasi Kuu kwa fahari, kisha akaambiwa kuwa mahali pake ni mwendo wa matatu kupitia Barabara ya Waiyaki.

Isitoshe, wasiopata vitanda mabwenini hulazimika kutafuta vyumba katika mitaa kama Uthiru, Kangemi na Kinoo. Hapo ndipo matapeli huvizia. Kanuni hapa ni nyepesi: malipo yoyote ya malazi ya chuo hufanywa kupitia njia rasmi za chuo, na chumba cha kupanga hulipiwa baada ya kukiona na kuzungumza na wapangaji waliomo. Mwenyeji bora wa mkanganyiko huu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu. Bado anakumbuka alivyopotea, na hatamcheka mgeni kwa kuuliza matatu ya Kikuyu hupandiwa wapi.

Mkanganyiko wa taratibu

Mahali hujulikana kwa wiki moja, lakini taratibu huchukua muda mrefu zaidi na adhabu yake ni kali. Tuchukue suala la karo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995, na ofisi zake katika jumba la Anniversary Towers, kwenye University Way, ziko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Kampasi Kuu. Mwaka 2023 serikali ilianzisha mfumo mpya uliogawa msaada katika sehemu mbili, ufadhili usiorejeshwa na mkopo, kwa kutegemea hali ya familia. Mwaka 2024 familia ziliwekwa katika makundi matano, na waliohisi wamewekwa katika kundi lisilolingana na hali zao wakafunguliwa njia ya kukata rufaa. Mnamo Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo huo ulikiuka Katiba, na shauri hilo likaendelea katika ngazi ya rufaa.

Funzo linalojitokeza ni hili: njia ya rufaa humfaa tu anayejua kuwa ipo. Mtoto wa mkulima mdogo aliyewekwa katika kundi la wenye uwezo, akanyamaza kwa kudhani kuwa kompyuta ya serikali haikosei, hudaiwa karo ambayo nyumbani haipo. Aidha, kanuni zinazobadilika haraka namna hii haziwezi kujifunzwa kwa uvumi wa mabwenini. Huulizwa mahali zinapotekelezwa, na jibu huombwa kwa maandishi.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu usajili wa kozi. Malalamiko juu ya alama zinazokosekana yamekuwa wimbo wa muda mrefu katika vyuo vikuu vya Kenya. Baadhi husababishwa na uzembe wa ofisi, lakini mengine huanzia katika wiki za kwanza, pale mwanafunzi anaposoma kozi ambayo hakuisajili ipasavyo. Mwenyeji wa suala hili ni mratibu wa masomo katika idara au karani wa kitivo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: swali la dakika tano katika wiki ya pili huokoa mwaka mzima.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ambayo wengi huisahau. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inatamka kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Fomu nyingi anazokutana nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini katika ofisi ya umma hana sababu ya kuona haya kuuliza kwa Kiswahili fasaha. Mara nyingi atagundua kuwa hata karani aliyekunja uso hulegea anapoamkuliwa kwa lugha hiyo.

Mkanganyiko wa taaluma

Mkanganyiko wa tatu ndio unaowahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Mwanafunzi aliyepata alama ya A katika Kiswahili huingia katika somo la isimu akidhani kuwa yuko nyumbani. Punde husikia kuwa irabu alizozijua zinaitwa pia vokali, kwamba sarufi maumbo ndiyo mofolojia, na sarufi miundo ndiyo sintaksia. Akifungua vitabu vya waandishi watatu, hukuta istilahi tatu kwa dhana moja. Huanza kushuku kuwa hajui lugha aliyoizungumza tangu utotoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni ngeli. Shuleni alifundishwa kuzitaja kwa upatanisho wa kisarufi: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI. Chuoni hukutana na nambari: ngeli ya 1 na ya 2, ya 3 na ya 4, ya 7 na ya 8. Asipoelezwa, huona kana kwamba alidanganywa kwa miaka minne. Ukweli ni kwamba mifumo hiyo miwili hutazama mambo mawili tofauti. Mfumo wa nambari, ambao msingi wake uliwekwa na Wilhelm Bleek mwaka 1862 na kuendelezwa na Carl Meinhof, hutokana na viambishi vya nomino katika lugha za Kibantu kwa jumla, na huwezesha ulinganishaji wa lugha hizo. Mfumo wa upatanisho hutazama jinsi nomino inavyoathiri vitenzi na vivumishi katika sentensi.

Sasa na litazamwe neno "kipofu". Kwa umbo, lina ki- katika umoja na vi- katika wingi, kama "kiti" na "viti". Lakini husemwa "kipofu yule amefika", wala si "kipofu kile kimefika". Mwanafunzi anayekanganywa na neno hili hajakosea. Amegusa mahali ambapo umbo na upatanisho hutengana, nao wataalamu wenyewe wamepajadili kwa muda mrefu. Ameanza kufikiri kama mwanaisimu, ila hajui. Akinyamaza, mkanganyiko huo utabaki kuwa aibu. Akiuliza, huenda ukawa mada ya tasnifu yake.

Mkanganyiko wa moyo

Upo pia mkanganyiko usio na ofisi wala istilahi. Ni upweke wa kijana wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wake, ambaye kijiji kizima kilichanga nauli na ambaye sasa hathubutu kuwaambia wazazi kuwa mambo yamemshinda. Chuo kina ofisi ya kushughulikia masuala ya wanafunzi na washauri nasaha. Aidha, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kupitia nambari 1199, zikiwemo za wanaohitaji ushauri. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha sheria kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kilikiuka Katiba. Uamuzi huo uliondoa hofu iliyokuwa ikiwaziba midomo wengi waliohitaji msaada. Mficha maradhi kifo humfichua, na maradhi ya moyo hayaepuki kanuni hiyo.

Adabu ya kuuliza

Utamaduni wa Mswahili una mfano mzuri wa kuomba msaada, nao ni hodi. Mpiga hodi hasukumi mlango, bali husimama, husema, na husubiri kukaribishwa. Hodi hupigwa hadi mara tatu. Asipoitikiwa, huondoka bila kinyongo na kujaribu tena wakati mwingine. Mwanafunzi naye, akimwandikia mhadhiri asijibiwe, asihitimishe kuwa amechukiwa. Amwendee saa zake za ofisi, ampitie mwakilishi wa darasa, na ikishindikana, amwone mwenyekiti wa idara.

Swali nalo lina adabu yake. Anayesema, "Mwalimu, mimi sielewi isimu," hamwachii mwalimu pa kushika. Anayesema, "Mwalimu, katika mhadhara wa Jumanne ulituambia 'kipofu' ni ngeli ya 7 kwa umbo. Shuleni tuliliweka katika A-WA. Je, tunapochanganua sentensi tufuate lipi?" ameonyesha alichosikia, alichokijua kabla na mahali hasa alipokwama. Swali la kwanza ni kilio. La pili ni nusu ya jibu.

Wajibu wa wenyeji

Haitoshi kumhimiza mgeni apige hodi iwapo ndani hamna wa kuitikia karibu. Mhadhiri anayelijibu swali la mwaka wa kwanza kwa kejeli hamnyamazishi mmoja, bali huwanyamazisha wote waliolisikia. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili navyo vina nafasi ambayo ofisi haina. Vinaweza kumpangia kila mgeni mwenyeji mmoja wa mwaka wa juu, kuandaa orodha fupi ya istilahi za shuleni na visawe vyake vya chuoni, na kutenga kikao cha maswali pasipo mtu kucheka.

Hitimisho

Mwanafunzi mgeni hukanganywa na mahali, na taratibu, na taaluma na moyo wake mwenyewe. Kila mkanganyiko una mwenyeji wake: mwanafunzi mwenzake, karani, mhadhiri au mshauri. Anayeuliza mapema, kwa swali lenye mpini wa kushika, hupata njia. Anayenyamaza hupoteza muhula, na pengine shahada. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na hakuna idara isiyohitaji kuponywa na swali jipya. Mwaka ujao mgeni huyo atakuwa mwenyeji, na jembe litakuwa mkononi mwake.