JINA LA CHUO SI ELIMU

Kila mwaka, vijana wetu wanapokaribia kumaliza kidato cha sita, hutokea miongoni mwao wanaotaka kusoma Siasa, Falsafa na Uchumi kwa pamoja katika shahada moja, na aghalabu macho yao huelekea Uingereza. Tamaa hiyo ni njema. Mtu ajuaye siasa bila uchumi huahidi asichoweza kulipa. Naye ajuaye uchumi bila falsafa huhesabu kila kitu, akasahau kuuliza ni kwa faida ya nani. Lakini kijana akiisha kuchagua masomo hukutana na swali la pili: akasome chuo gani? Hapo ndipo twaona wengi, vijana na wazazi wao pia, wakishika jina la chuo na kuyaacha mambo yenyewe.

Shahada hii ilianzishwa Oxford mwaka 1920. Kabla ya hapo, kijana wa Oxford aliyetazamia kushika madaraka ya serikali aghalabu alisomeshwa Kigiriki, Kilatini na falsafa ya kale. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilionekana kwamba dunia ya viwanda, kodi na vyama vya wafanyakazi yahitaji elimu nyingine. Tangu siku hizo wameisomea hapo Harold Wilson, Edward Heath, David Cameron, Liz Truss na Rishi Sunak, ambao wote walikuja kuwa Mawaziri Wakuu wa Uingereza. Na katika Afrika, Kofi Busia na John Kufuor walioongoza Ghana.

Orodha hiyo huwavuta vijana kama taa ivutavyo kumbikumbi. Lakini tuitazame vizuri. Mwaka 2022 Truss na Sunak, wenye shahada ile ile ya chuo kile kile, waligombea uongozi wa chama chao na kupingana hadharani juu ya kodi. Truss alishinda, akaleta mpango wa kupunguza kodi uliotikisa masoko ya fedha, wala hakutimiza miezi miwili madarakani. Chuo kiliwapa wote wawili zana zile zile. Matumizi yake yalikuwa juu yao wenyewe.

Basi yampasa kijana kuuliza nini kabla ya kujaza fomu?

Kwanza, aulize masomo matatu yanaunganishwa namna gani. Huko Oxford mwanafunzi husoma yote matatu mwaka wa kwanza, kisha akipenda huruhusiwa kuliacha moja. Huko Warwick pia aweza kuendelea na yote au kushika mawili. Uhuru huo una faida kwa anayejua anachokitafuta, na una hatari kwa anayeikimbia hisabati. Kijana aweza kuuacha uchumi baada ya mwaka mmoja tu, na hali shahada yake ina jina la uchumi. Siku atakaposimama mbele ya wafanyakazi kuzungumza juu ya mshahara na bei ya unga, huku hawezi kuisoma bajeti kwa macho yake mwenyewe, atalazimika kuyarudia maneno ya wataalamu wa wengine. Twamshauri asiuache.

Pili, aulize ni uchumi wa namna gani unaofundishwa. Dunia ilipokumbwa na msukosuko wa fedha mwaka 2008, mamilioni ya watu walipoteza kazi. Miaka michache baadaye, mwaka 2012, wanafunzi wa uchumi wa Manchester waliunda chama chao kulalamika kwamba wanafundishwa njia moja tu ya kuufikiria uchumi, na kwamba njia hiyo haikuwasaidia kuuelewa msukosuko ulioonekana mbele ya macho yao. Kijana anayetoka katika nchi ya wakulima na asiisome ardhi, bei ya mazao wala deni la nje, atarudi na elimu nzuri ya mahali pengine.

Tatu, aulize njia ya kufundishia. Oxford husifika kwa utaratibu wa mwanafunzi mmoja, au wawili watatu, kukaa na mwalimu na kuitetea insha aliyoiandika mwenyewe. Katika vyuo vingi vingine kazi kubwa hufanywa katika mihadhara na mijadala ya vikundi. Aliyezoea kukariri maandishi ya ubaoni na ajiandae. Huko mwalimu hatamwuliza kitabu kinasema nini tu, bali yeye anasema nini juu ya kitabu hicho.

Nne, ahesabu muda na fedha. Shahada ya kawaida huchukua miaka mitatu Uingereza kusini, na minne Scotland. Ada ya mgeni ni mara kadhaa ya ada ya mwenyeji. Oxford peke yake hupita pauni 30,000 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Maombi ya Oxford hufungwa tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo, yaani mtihani wa kidato cha sita ungali mbele. Mzazi asiuze shamba kwa ajili ya barua aliyochelewa kuiandika mwanawe, wala kwa jina ambalo hakulichunguza.

Tena tukumbuke kwamba elimu hii haina mlango mmoja. Mwalimu Nyerere hakuisoma Oxford. Kati ya mwaka 1949 na 1952 alikuwa Edinburgh, akasoma uchumi wa siasa, falsafa ya maadili, historia, sheria za katiba na elimu ya jamii za watu. Shahada yake haikuwa na jina hili la sehemu tatu, lakini masomo yenyewe yalikuwamo. Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alikwenda mwaka 1955 katika Chuo cha Ruskin mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi. Chuo chetu cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961, kilifuata mfano huo wa Ruskin.

Mwaka huo huo wa 1961 chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, na wanafunzi wachache wa sheria. Baadaye, huko Mlimani, alifundisha Walter Rodney, ambaye kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kilitoka mwaka 1972 na kusomwa mbali sana na Dar es Salaam. Kwa hiyo anayebaki nyumbani kusoma siasa na uchumi asijione kama mtu aliyeachwa na meli. Ikiwa maswali manne tuliyoyataja yanajibiwa vizuri hapa kuliko kwingine, basi hapa ndipo pake.

Ndugu wazazi, msiwaulize watoto wenu wameomba chuo gani tu. Waulizeni watasoma nini mwaka wa pili, watafundishwa na nani, kwa gharama gani, na wakirudi watamfaa nani. Kijana mwenye majibu hayo aombewe safari njema, iwe ya Edinburgh au ya Mlimani. Asiye nayo na akae kwanza ayatafute, kwa kuwa karatasi na kalamu ni rahisi kuliko nauli.