KINGA ILIYOGEUKA MARADHI

Likizo ya Agosti niliimaliza kwa mjomba wangu, Kisumu. Jioni moja baada ya chajio, mjomba alituwekea mimi na binamu yangu mchezo wa runinga wa Kimarekani uitwao Star Trek: The Next Generation. Kipindi chenyewe kilionyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, na jina lake ni "Unnatural Selection", yaani uteuzi usio wa kimaumbile. Mimi nilidhani nitaona vita vya angani tu. Kumbe! Usiku huo usingizi ulinipaa.

Kisa ni hiki. Kapteni Picard na wenzake wanaitwa kwa dharura na chombo kingine cha angani. Wanapokifikia, wanakuta mabaharia wote wamekufa, tena wamekufa kwa uzee! Watu waliokuwa wazima muda mfupi tu kabla ya hapo, sasa ni mvi na makunyanzi. Chombo hicho kilikuwa kimetoka kwenye kituo cha utafiti kiitwacho Darwin. Huko wanasayansi wameunda watoto kwa uhandisi wa jeni. Watoto hao wana umri wa miaka 12, lakini miili yao ni ya watu wazima, na maradhi hayawawezi. Mkuu wa kituo anashikilia kwamba watoto hawana hatia. Basi Daktari Pulaski anamchukua mvulana mmoja ili ampime. Muda si muda viungo vinaanza kumuuma daktari, na uzee unamwingia mbiombio.

Je, siri ni nini? Watoto wale walipewa kinga kali mno, isiyongoja ugonjwa uingie mwilini. Kingamwili zao hutoka nje na kuufuata hewani. Mmoja wa maafisa wa kile chombo alikuwa ameugua mafua. Kinga ya watoto ikatengeneza silaha ya kuyapiga mafua hayo, na silaha hiyo hiyo ikabadilisha jeni za watu wa kawaida, wakazeeka. Watoto wenyewe hata kikohozi hawakupata.

Hapo ndipo penye somo, ndugu msomaji. Katika kipindi hiki hakuna mtu mwovu. Wanasayansi walitaka watoto wasiougua, na ni mzazi gani asiyetaka hivyo? Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba ukibadilisha jambo moja mwilini, mengine yote yatakaa kitako na kutazama.

Mchezo ulipoisha, binamu yangu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mjomba wako angeweza kuifuta jeni yangu, angeifuta?" Swali hilo lilinichoma. Binamu ana ugonjwa wa selimundu. Chembe zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu wa kukatia nyasi, zikaziba mishipa midogo, naye akalia kwa maumivu usiku kucha. Ugonjwa huu humpata mtoto aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa baba na kwa mama pia.

Nilimjibu, "Bila shaka angeifuta!" Lakini tuliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Bayolojia, naye akanifungua macho. Mtu aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui selimundu, na tena hulindwa dhidi ya malaria kali. Jambo hili lilielezwa mwaka wa 1954 na Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki. Ndiyo maana jeni hii imeenea zaidi mahali penye mbu, kama vile kandokando ya Ziwa Victoria na huko Pwani. Jeni moja, nyuso mbili!

Sasa usiseme hayo ni ya filamu tu. Mnamo Novemba 2018, mwanasayansi wa Uchina, He Jiankui, alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao jeni zao alizibadilisha wakiwa bado viinitete. Nia yake? Wasiambukizwe virusi vya UKIMWI. Kinga tena! Jeni aliyoilenga, iitwayo CCR5, ina kazi nyingine: mtu asiyekuwa nayo huweza kuugua vibaya zaidi akipatwa na virusi vya West Nile. Mabadiliko ya namna hiyo huweza kurithiwa na wana na wajukuu, na hao hawakuulizwa neno. Desemba 2019 mahakama ilimfunga miaka mitatu. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.

Je, tuitupe sayansi yote? La, hasha! Mwishoni mwa mwaka wa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy. Chembe mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, zikarekebishwa jeni nje ya mwili, kisha zikarudishwa. Marekebisho hukaa katika damu yake tu. Hawarithi watoto wake. Tena mgonjwa huelezwa hatari zake, naye au mzazi wake hukubali kwanza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na mambo ya kituo cha Darwin. Taabu ni bei: ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwetu hilo bado ni jua la kuota kwa mbali.

Nilimpigia binamu simu nikamweleza yote. Akacheka, akasema, "Basi wanitibu mimi, lakini wajukuu wangu wawaache waulizwe wenyewe."

Mimi sikuwa na la kuongeza. Wewe je, msomaji?