Mbolea ya ruzuku: Mkulima ana haki ya kujua nani alinufaika

MKULIMA wa nyanya au vitunguu huko Kimana, Kaunti ya Kajiado, aijua vyema bei ya mbolea dukani. Asichokijua ni idadi ya magunia ya mbolea ya ruzuku yaliyotengewa wadi yake, na ni nani waliyoyachukua.

Suala hilo ni zito kwa sababu fedha zinazotumika ni za mlipaushuru. Septemba 2022, serikali ilipunguza bei ya gunia la kilo 50 kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500. Mwaka wa 2023 bei ikashuka tena hadi Sh2,500. Pengo kati ya bei hiyo na ile ya soko hujazwa na Hazina Kuu, na kadiri linavyopanuka ndivyo walanguzi wanavyopata tamaa ya kujipenyeza.

Ili kuwazuia, Wizara ya Kilimo ilianzisha sajili ya kidijitali. Mkulima hutoa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba lake. Kisha hupokea ujumbe mfupi wenye vocha, ambayo hutumia kununua mbolea katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB).

Hata hivyo, sajili isiyoonekana haiwezi kukaguliwa na umma. Kimana, ambako maji ya chemchemi zitokazo Mlima Kilimanjaro hunyunyizia mashamba, wakulima wengi hukodi ardhi. Ekari moja yaweza kuandikishwa na mwenye shamba na vilevile aliyeikodi. Majirani wangegundua kasoro kama hiyo kwa urahisi, lau wangeonyeshwa hesabu.

Madhara ya usiri yalidhihirika 2018, NCPB ilipolaumiwa kwa kuwalipa wafanyabiashara mabilioni ya pesa za mahindi huku wakulima halisi wakingoja malipo yao. Wabunge walipodai orodha ya waliolipwa, ndipo umma ulipoanza kupata picha kamili.

Je, kila jina litangazwe? Muungano wa Ulaya ulikumbana na swali hilo hilo. Novemba 9, 2010, mahakama yake ya juu iliamua kuwa kuchapisha majina ya wakulima wote bila kujali kiasi walichopokea kulikiuka haki yao ya faragha. Sheria ikarekebishwa 2013: wanaopokea kiasi kidogo, kisichozidi Euro 1,250 kwa mwaka, hawatajwi, wanaopokea zaidi hutajwa.

Kenya nayo yaweza kufuata njia ya kati: kutangaza jumla ya magunia kwa kila wadi na majina ya waliochukua mengi, huku Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ikimkinga mkulima mdogo.

Kwa sasa, mwananchi hana haja ya kungoja. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinamruhusu kuomba takwimu hizo kwa barua, hata kwa Kiswahili, bila kulipia ombi lenyewe. Afisa husika sharti atoe uamuzi katika siku 21. Akikataa, mwombaji anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua moja kutoka Kimana yatosha kuanzisha hesabu hiyo.