Mtoto aliyetumwa Ulaya na kilo tatu za kahawa

Juma hili tunaacha kidogo habari za likelemba na bei ya ndagala, tuzungumze juu ya mtu aliyepuliza saksofoni. Wengi wetu tumemsikia redioni bila kujua jina lake. Anaitwa Manu Dibango. Hakuzaliwa Kongo, lakini Kongo ndiyo iliyomkomaza.

Alizaliwa Douala, Kamerun, tarehe 12 desemba 1933. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Yabassi. Mama yake alikuwa Mduala, fundi wa kushona nguo, na ndiye aliyeongoza kwaya ya wamama katika kanisa la Waprotestanti. Kijana alikua akisikia mazoezi ya kwaya kabla hajajua kusoma. Wale kati yenu wanaobeba mtoto mgongoni siku ya mazoezi, mnafahamu tunasema nini. Tena, kwa kuwa wazazi walikuwa wa makabila mawili, hakuweza kujiona kabisa wa upande mmoja tu.

Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, baba akamtuma Ufaransa kusoma. Alisafiri baharini siku 21 mpaka Marseille. Ndani ya mizigo yake mlikuwa kilo tatu za kahawa, malipo kwa watu watakaomlaza na kumlisha. Vita ilikuwa imeisha miaka michache tu, na kahawa huko ilikuwa bado kitu cha thamani. Fikirini mama anayefunga mzigo huo. Sisi tunamfungia mtoto anayekwenda kusoma Uvira au Bukavu unga wa muhogo na ndagala, na usiku hatulali. Huyu alikuwa anampeleka wake ng'ambo ya bahari, kwa watu asiowajua. Baadaye Manu alipoandika kitabu cha maisha yake, alikiita kwa jina la zile kilo tatu.

Baba alitaka diploma. Mtoto alijifunza mandolini na piano, kisha katika kambi ya likizo ya vijana wa Kamerun akakutana na saksofoni. Masomo yakaanza kulegea. Aliposhindwa mtihani wa mwisho wa sekondari, baba akakata pesa. Hatutamlaumu haraka baba huyo: muziki wakati ule, kama leo kwa wengi, ulionekana njia ya walevi. Mwaka 1956 Manu akaenda Ubelgiji, akapiga muziki katika baa za usiku ili apate kula. Huko Brussels alimpata Marie-Josée, ambaye wote walimwita Coco. Walifunga ndoa mwaka 1957, mweusi na mzungu, wakati ambapo Kongo yetu ilikuwa bado koloni la hao Wabelgiji.

Ubelgiji pia ndiko saksofoni ilikotoka: ilibuniwa na Adolphe Sax, mtu wa Dinant, aliyeiandikisha mwaka 1846. Na mtu asidanganywe na neno "jazz" katika majina ya orkesta zetu za zamani. African Jazz na OK Jazz walipiga rumba. Lakini Manu alijua zote mbili, jazz ya Wamarekani weusi na rumba, na hiyo ndiyo iliyompa kazi. Joseph Kabasele, Grand Kallé, yule wa Indépendance Cha Cha ya mwaka 1960, alimchukua katika African Jazz. Mwaka 1961 Manu na Coco wakafika Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alikaa karibu miaka miwili, akapiga saksofoni na piano, akafungua mahali pa dansi pake mwenyewe, Tam-Tam, na wimbo wake wa Twist à Léo ukapendwa.

Mwaka 1963 alirudi kwao Douala na kufungua Tam-Tam nyingine. Nchi ilikuwa katika vita na watu walikatazwa kutembea usiku. Biashara ya dansi bila usiku, nani ataiweza? Ilianguka. Mwaka 1965 alikuwa tena Ufaransa, akianza upya kwa kupigia wengine.

Kisha ukaja mwaka 1972. Kamerun ilipokea Kombe la Afrika, na Manu akatunga wimbo wa mashindano. Kamerun ikatolewa na Kongo-Brazzaville. (Zaïre nayo ilipigwa na Kamerun 5-2 katika kugombea nafasi ya tatu, afadhali tupite haraka.) Wimbo wa mpira ukasahauliwa. Lakini upande wa pili wa sahani kulikuwa Soul Makossa, na ndiyo iliyofika New York. Mwaka 1973 ilikuwa ya 35 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani.

Mwaka 1982 Michael Jackson akatia maneno yaliyotoka katika Soul Makossa ndani ya wimbo wake, bila kumwomba mwenyewe. Manu alidai haki yake, na mwishowe walipatana kwa malipo. Mwaka 2007 maneno yale yale yakatokea kwa Rihanna. Mwaka 2009 mzee akaenda tena mahakamani Paris. Alikuwa amepita miaka 75.

Tunalisema hili kwa ajili ya kwaya zetu. Nyimbo za wamama zinarekodiwa, zinahamishwa katika simu, zinauzwa katika kadi za memori sokoni, na mtunzi hapati hata faranga ya sabuni. Kwanza tuandike katika daftari nani alitunga na tarehe gani, na katibu aitunze. Kongo ina shirika la haki za watunzi, SOCODA, na siku ya kudai, daftari hilo litasaidia.

Manu Dibango alikufa Ufaransa tarehe 24 machi 2020, kwa ugonjwa wa Corona, akiwa na miaka 86. Kwa sababu ya ugonjwa ule alizikwa na watu wa nyumbani mwake tu, bila umati, bila matanga ya kukesha.