Chungu Kisicho na Nyama Si Chungu cha Umaskini



Katika nyumba nyingi za Kivu, mgeni akifika saa ya chakula, mama wa nyumba humwambia kwa haya: "Karibu, lakini leo tuna sombe tu." Au: "Tuna maharage tu." Neno hilo dogo, "tu", limebeba mzigo mzito. Lasema kwamba chakula cha kweli ni nyama, samaki au yai, na kwamba majani na mbegu za shamba ni vya kudanganyia njaa.

Twapenda leo kuonyesha ya kuwa haya hiyo haina sababu. Katika mashamba na bustani zetu, pasipo kuchinja wala kukamua, mwaweza kutoka chakula cha kila siku kinachojenga mwili, tangu mwezi wa 1 mpaka mwezi wa 12. Lakini chakula hicho kina sharti lake, na nyumba inayolisahau sharti hilo huweza kuona msiba.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Umaskini wa chungu si kukosa nyama. Umaskini wa chungu ni kuwa na kitu kimoja peke yake.

Bugali wa muhogo hujaza tumbo na kutoa nguvu za kulima. Lakini muhogo una protini, yaani kile kinachojenga mwili, kidogo mno: katika gramu 100 za muhogo mbichi haifiki gramu 2. Maharage makavu ya uzito huo huo yana zaidi ya gramu 20, karanga kama 25, na soya zaidi ya 30. Nyama ya ng'ombe mbichi ina kama 20. Ni kweli kwamba maharage hunywa maji chunguni, hata gramu 100 zilizoiva hubaki na gramu 8 au 9 za protini. Kwa hiyo yafaa yapakuliwe kwa wingi, si kijiko kimoja cha kutia bugali ladha.

Tena protini imejengwa kwa vipande vingi vidogo. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja, nacho kimo kwa wingi katika maharage. Maharage nayo yana upungufu wa kingine, nacho kimo katika mahindi. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Wazee wetu walichanganya mahindi na maharage katika chungu kimoja bila kujua hesabu hiyo, nao hawakukosea.

Basi, mama anayepika bila nyama na ajiulize kila siku maswali manne. Kipo cha kutia nguvu: muhogo, mahindi, mtama, viazi au ndizi? Kipo cha kujenga mwili: maharage, mbaazi, karanga au soya? Yapo majani: sombe, lengalenga, matembele au majani ya maboga? Yapo mafuta? Mawese mekundu yana faida kubwa, kwani ile rangi yake mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho ya watoto. Msiyachome mpaka yawe meupe, maana hapo faida hiyo huharibika. Na mkikamulia limau juu ya mboga, au mkila nyanya na mapera pamoja nazo, mwili hupokea vema zaidi madini ya chuma yanayotengeneza damu.

UGONJWA WENYE JINA LA NYUMBANI

Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliwajulisha waganga wa ulimwengu jina kwashiorkor. Jina hilo la lugha ya Kiga lataja ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Huku Kivu ugonjwa huo wajulikana kwa jina la bwaki. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, mtoto hununa na kukataa kucheza. Huko Lwiro, waganga waliuchunguza kwa miaka mingi. Na Bukavu, katika miaka ya 1960, kiliundwa chama cha kupigana nao, kikaitwa Comité Anti-Bwaki.

Wataalamu wa leo wasema bwaki haitokani na upungufu wa kitu kimoja tu. Chakula cha namna moja, kuhara, surua na minyoo husaidiana kumwangusha mtoto. Lakini jambo moja huhuzunisha hasa: mtoto aweza kuvimba katika nyumba yenye maharage. Baba na mama wameyavuna, wakayapeleka yote sokoni, wakabaki na muhogo. Wamejaza mfuko wakapunguza mtoto. Twawasihi wazazi: kabla ya kuuza debe la kwanza, wekeni pembeni maharage ya nyumbani, kama mnavyoweka mbegu. Na mtoto akiisha kuvimba, msijaribu kumponya kwa chungu cha nyumbani. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

MWAKA MZIMA SHAMBANI

Katika milima ya Kivu mvua huanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Miezi ya 6, 7 na 8 ni kiangazi. Mpishi mwenye akili hufuata mwendo huo.

Miezi ya kwanza ya mvua ni migumu, kwa sababu mbegu zimo ardhini na ghala limepungua. Lakini lengalenga huwa tayari kuchumwa baada ya majuma machache tu, na muhogo wangoja udongoni. Hapo karanga zilizosagwa, zikitiwa katika lengalenga na kitunguu, hushika nafasi ya maharage yaliyokwisha.

Mwezi wa 12 na wa 1 maharage huvunwa. Kwanza yaliwe mabichi pamoja na mahindi mabichi. Hayahitaji makala mengi. Yatakayokauka yaanikwe vizuri, kisha yafungwe katika bidoni isiyopitisha hewa, ili wadudu wasiyatoboe. Kuanzia mwezi wa 2 watu hupanda tena, na maboga na viazi vitamu husaidia kungojea mavuno ya mwezi wa 6. Ni majira hayo ambapo Kwaresima hufika. Wengi huiacha nyama na kukopa fedha za kununua samaki, kumbe chungu cha viazi vitamu na maharage kingetosha kabisa.

Wakati wa kiangazi mboga hutoka mabondeni penye maji, na sombe haikauki, kwani muhogo huvumilia jua. Majani ya ziada yakatwe na kukaushwa kivulini, maana jua kali huyaharibia vitamini. Akiba haiozi, ikiwekwa vema.

YA KUANGALIA JIKONI

Maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi maji hayo yamwagwe, mtie mapya, myachemshe kwa nguvu mpaka yalainike. Maharage mabichi au yasiyoiva huumiza tumbo. Kuloweka huko kwaokoa pia makala, na makala ni fedha.

Sombe itwangwe sana na kuchemshwa muda mrefu, bila kifuniko, ili sumu iliyomo itoke. Ndipo mtie kitunguu, karanga zilizotwangwa na mawese. Sombe ya namna hiyo pamoja na bugali ni karamu.

Muhogo mchungu nao usipikwe kwa haraka. Uloweke siku tatu, kisha uanikwe. Kwango, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika habari za konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla wala haiponi tena. Baadaye ilijulikana kwamba konzo huwapata watu wanaokula muhogo mchungu usioloweka vya kutosha, hasa wakati wa ukame, na chakula cha kujenga mwili kikiwa haba. Njaa humfanya mtu apunguze siku za kuloweka. Siku moja aliyookoa yaweza kumgharimu miguu ya mtoto wake.

KWA WATOTO NA AKINA MAMA

Mtoto mchanga asipewe kitu ila ziwa la mama mpaka afikishe miezi 6. Kisha aanze uji, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Uji wa muhogo mtupu haumfai. Huku kwetu na Rwanda watu hutumia sosoma, unga wa mtama, soya na mahindi. Soya ichemshwe kwanza, ianikwe na kukaangwa kabla ya kusagwa, kwa kuwa soya mbichi huzuia tumbo lisitumie protini. Mtie na kijiko cha mawese. Siku nyingine mpeni maharage yaliyopondwa, maganda yameondolewa.

Hapa yatupasa kusema ukweli wote. Kitu kimoja mimea haikitoi, nacho ni vitamini B12. Mtu akiikosa muda mrefu, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika. Nyumba inayopata maziwa au sambaza mara kwa mara huipata humo. Lakini anayekula mimea peke yake, hasa mama mwenye mimba au anayenyonyesha, hana budi kuitafuta katika vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo, kwa shauri la muuguzi wa dispensari.

NENO KWA BABA

Mara nyingi mama ajua haya yote, lakini hana shamba la kutosha wala neno katika mauzo. Baba anayedai nyama ya Jumapili, huku watoto wakila bugali mtupu siku sita, hajalisha nyumba yake. Fedha za kilo moja ya nyama zaweza kununua maharage ya siku kadhaa. Na bustani ndogo nyuma ya nyumba, yenye lengalenga, matembele na mti mmoja wa limau, haihitaji fedha nyingi, yahitaji mikono miwili jioni.

Nanyi wanafunzi, mnaojifunza shuleni habari za vitamini, msiyaache maarifa hayo katika daftari. Mwende shambani pamoja na mama zenu, mlete majani, mtwange sombe, hata ninyi wavulana. Na mgeni akifika, mkaribisheni mezani bila haya. Mwambieni: "Karibu, leo tuna maharage na lengalenga." Basi, lile neno "tu" mliache.