Saratani ya utumbo mpana: kupasuliwa kwa wazi au kwa matundu?

Katika robo hii ya mwaka kamati ya usharika mmoja wa hapa Tunduma ilituletea swali. Mzee mmoja alikuwa amegundulika na saratani ya utumbo mpana, na ndugu zake walisikia kwamba upo upasuaji wa kisasa usioacha kovu. Kamati ikaanza kuchangisha ili apelekwe mbali. Wiki ya sita ikapita mchango haujatimia, na mgonjwa bado yuko nyumbani. Tunaandika haya kwa sababu tunajua si usharika huo peke yake.

Kazi inayofanyika ndani ya tumbo ni ileile. Kwa njia zote mbili mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mzito, daktari hukata kipande cha utumbo chenye uvimbe pamoja na nyama inayokizunguka yenye tezi za limfu, kisha huunganisha ncha mbili zilizobaki. Maabara hutakiwa kupima tezi zisizopungua 12 ili ijulikane kama ugonjwa umesambaa. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia. Upasuaji wa wazi hufungua tumbo kwa mkato mmoja mrefu. Ule wa matundu hutoboa sehemu ndogo kadhaa, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kamera huingizwa, na daktari hufanya kazi akitazama kioo kama cha televisheni. Hata hivyo kipande kilichokatwa lazima kitoke, kwa hiyo tundu moja hupanuliwa kwa sentimita kadhaa. Anayesema hakuna kovu anatia chumvi.

Njia hii ilianza kutumika kwa utumbo mpana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na madaktari wengi waliiogopa, maana zilikuwepo taarifa za saratani kuota tena kwenye matundu yenyewe. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 872 wa Marekani na Kanada. Baada ya miaka mitatu saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 16 ya waliopasuliwa kwa matundu na asilimia 18 ya waliopasuliwa kwa wazi, yaani hakuna tofauti ya maana. Kwenye majeraha ilirudi kwa chini ya asilimia 1 pande zote. Wa matundu walikaa hospitali siku 5, wa wazi siku 6, na maumivu yao yaliisha mapema kidogo. Lakini operesheni yao ilichukua dakika 150 badala ya 95, na takriban mmoja kati ya watano ilibidi afunguliwe tumbo katikati ya kazi.

Siku moja ya kitanda, basi. Tulipowasomea kamati takwimu hizo walinyamaza kidogo.

Hospitali ya KCMC Moshi imefanya upasuaji wa matundu kwa miaka mingi, ikisaidiwa kwa mafunzo na wenzao wa Northumbria, Uingereza. Lakini kutoka Tunduma Moshi ni safari ya siku nzima na zaidi, wakati Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko kilomita zipatazo 100. Tena wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, baada ya damu kwenye choo kutibiwa muda mrefu kama bawasiri au amiba. Utumbo ukishaziba na tumbo kuvimba, kamera haina nafasi ya kuona, na upasuaji wa wazi ndio huokoa maisha.

Wafadhili wetu nao wameuliza kama wanunue mitambo ya matundu. Tunashukuru, ila mitambo hiyo hudai umeme usiokatika, hewa ya mitungi, fundi na timu iliyozoea. Kwa maoni yetu fedha hiyo ingetangulia kulipia kipimo cha kamera ya utumbo na nauli.

Mzee wetu alipasuliwa kwa wazi, karibu na nyumbani. Mchango uliokuwepo ulitosha, na uliobaki umelipia majibu ya maabara na chakula cha binti yake aliyemuuguza.